PS4 inanguruma ukifungua ramani, kisha inazima: tatizo liko wapi?

"Habari fundi. Nina PS4 ya mtumba, ile nene ya mwanzo yenye kipande kinachong'aa juu. Mimi ni mpenzi wa hadithi za kisayansi za kubuni, mambo ya maroboti nayapenda kupita kiasi, kwa hiyo nimeanza kucheza Horizon Zero Dawn. Shida ni feni. Inanguruma hadi mama analalamika hasikii taarifa ya habari, na cha ajabu kelele inazidi nikifungua ramani, mahali ambapo hakuna hata vita. Baada ya dakika kama arobaini inazima. Fundi wa kwanza amesema chipu imeachia risasi, nitoe laki na nusu afanye ribolingi. Wa pili anasema ni pesti, ile krimu ya kupitisha joto kwenye chipu. Rafiki yangu ananishauri niipulize kwa upepo wa gereji, mwingine niipoze kwenye friji kabla ya kucheza. Tunaishi Dar, na umeme hukatika mara kwa mara. Nifanyeje? Au niiuze ninunue nyingine?"

Ndugu yangu, hiyo laki na nusu usiitoe kwanza. Katika yote uliyoeleza hakuna dalili hata moja ya chipu iliyoachia bodi. Mashine inawaka, inaonyesha picha safi, inacheza dakika arobaini, halafu inazima. Chipu iliyoachia risasi haina utaratibu huo. Mara nyingi utaona taa ya buluu inapigapiga bila picha kutokea, au picha yenye mistari na vipande vya rangi visivyo na mpango, au mashine inakataa kuwaka kabisa. Ribolingi ni kung'oa chipu nzima kwenye bodi kwa joto kali, kuiwekea vidonge vipya vya risasi na kuirudisha. Ikifanywa na fundi asiye na mashine maalumu ya kazi hiyo, bodi iliyokuwa nzima hujikunja, na hapo ndipo unapopoteza kila kitu.

Ila kuna jambo hukulisema, na ndilo linaloamua matengenezo yote: inazimaje?

Ikiwa kabla ya kuzima kunatokea ujumbe kwenye skrini kwamba PS4 imepata joto kupita kiasi, au taa ya juu inageuka nyekundu, basi mashine imejizima yenyewe kwa kujilinda. Hilo ni joto. Ikiwa inakata ghafla bila ujumbe, giza moja kwa moja, na ukibonyeza kuwasha inalia kidogo kisha inakata tena, mtuhumiwa wa kwanza ni pawasaplai (sanduku la ndani linalopokea umeme wa ukutani) au umeme unaoingia. Na ikiwa taa inabaki nyeupe huku feni ikizunguka lakini TV imepoteza picha, mashine haijazima. Hapo kagua waya wa HDMI na tundu lake. Leo jioni icheze hadi izime, na jicho lako liwe kwenye ile taa.

Nitaendelea nikichukulia ni joto, kwa sababu kelele ya feni na ile ramani vinaelekea huko. Pawasaplai nitairudia mbele.

Tuanze na ramani, maana umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Mtu hudhani kwamba mahali penye vita, moshi na maroboti kumi ndipo mashine inapochoka zaidi. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 4 na 5, aligusia jambo hili Machi 2020 alipokuwa akieleza ubunifu wa PS5, na mfano alioutoa ni ramani ya mchezo huohuo unaoucheza. Picha hujengwa kwa pembetatu ndogondogo. Panapokuwa na pembetatu nyingi sana, kama msituni, sehemu kadhaa za chipu hukaa zikisubiriana, na kwa hiyo hutumia umeme pungufu. Ramani ina pembetatu chache na kubwa. Hakuna kusubiriana, kila kona ya chipu inafanya kazi kwa wakati mmoja, umeme unaonyonywa unapanda na joto linapanda nao. Kwa hiyo ramani kuichemsha mashine si ugonjwa wa chipu yako, hata PS4 mpya ilifanya hivyo. Ugonjwa ni kwamba mashine yako haiwezi tena kulitoa joto hilo nje.

Joto linatokaje? PS4 nene yenye kipande kinachong'aa ni ya matoleo ya mwanzo, yaliyoanza kuuzwa Novemba 2013. Ndani yake prosesa na sehemu ya michoro zimo kwenye kipande kimoja cha silikoni kilichotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 28, ambayo kwa leo ni ya zamani na ina joto jingi. Ukicheza, mashine nzima hula takriban wati 120 hadi 150, na karibu zote huishia kuwa joto. Joto hilo linatoka kwenye silikoni, linavuka tabaka jembamba la pesti, linaingia kwenye bamba la shaba, linasafiri kwa mirija hadi kwenye mapezi ya alumini, na feni inapuliza hewa kupita kwenye mapezi hayo. Hewa hiyo hiyo, ikiwa tayari ina moto, hupita ndani ya pawasaplai ndipo itokee nyuma. Hapo patilie maanani: mapezi yakiziba, pawasaplai nayo inapikwa. Ndiyo maana mashine nyingi zilizoanza na kelele tu ziliishia kuungua pawasaplai.

Njia hiyo huharibika sehemu mbili. Ya kwanza ni mapezi. Vumbi laini la barabara ya udongo, nyuzi za zulia na nywele hujikusanya upande ambao hewa huingilia kwenye mapezi, likafanyika zulia dogo la kijivu ambalo kwa nje hulioni kabisa. Ya pili ni pesti. Baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa, mafuta yake hukauka, ikabaki unga mgumu wenye nyufa.

Unaweza kujua ni ipi kabla hujagusa skrubu hata moja. Itoe mashine kwenye kabati, iweke juu ya meza tupu, acha angalau sentimita 10 kila upande, ondoa na kile kitambaa cha kufuma kama kipo. Fungua ramani uiache dakika 15. Halafu weka kiganja nyuma, hewa inapotokea. Feni ikipiga kelele lakini hewa inayotoka ni hafifu na ya moto sana, mapezi yameziba. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni ya uvuguvugu tu, huku mashine ikilalamikia joto, basi joto halifiki kwenye mapezi, na hapo aliyesema pesti amesema kweli. Ikitoka kwa nguvu, ya moto, na mashine haizimi tena pale mezani, tatizo lako lilikuwa kabati. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Sony wenyewe wameweka kikomo cha nyuzi 35 kwa hewa inayoizunguka PS4. Mchana wa Februari Dar hewa ya sebuleni peke yake inakaribia hapo, sasa ndani ya kabati la TV lenye mlango wa kioo unavuka kikomo kabla mchezo haujapakia.

Sasa hayo mashauri ya marafiki. Friji hapana, kabisa. Ukiitoa mashine baridi kwenye hewa yenye unyevu ya pwani, maji hujikusanya juu ya bodi vilevile yanavyojikusanya nje ya chupa ya soda, halafu wewe unaiwashia umeme. Upepo wa gereji nao una nguvu kupita kiasi, na matangi mengi ya kompresa yana maji na mafuta chini ambayo hutoka pamoja na upepo. Juu ya hayo, upepo huo huizungusha feni kwa kasi isiyotengenezewa, beringi zinaharibika, na feni inayozungushwa kwa nje huzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Vifeni vidogo vya kubandika nyuma, vinavyochomekwa kwenye USB, pia siviungi mkono: vingi hupigana na mkondo wa hewa wa mashine badala ya kuusaidia. Feni ya kawaida ya sebuleni inasaidia kweli, ila iwekwe mbele ya mashine ili hewa iende inakoelekea, si nyuma ikirudisha moto ndani.

Kama kipimo cha kiganja kimeonyesha mapezi yameziba, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa mtulivu. Utahitaji bisibisi ya T8 ya nyota ya pembe sita yenye tundu katikati ya ncha, bisibisi ndogo ya msalaba, brashi ya rangi ya nusu inchi yenye nywele laini ambayo haijawahi kutumika, na mpira wa kupulizia kwa mkono au kopo la hewa. Kabla ya yote, chomeka flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya data zilizohifadhiwa, unakili maendeleo ya mchezo wako. Masaa yako ya kuwinda maroboti yana thamani kuliko hiyo mashine.

Zima kabisa, usiiache kwenye hali ya kupumzika ya taa ya chungwa. Chomoa nyaya zote, subiri dakika 15. Pindua mashine tumbo juu. Nyuma kuna skrubu nne, nyingine zimefichwa chini ya stika. Kwa mtumba wa umri huo dhamana ilishakwisha zamani, zibandue tu. Inua mfuniko wa chini ukianzia nyuma. Sanduku la chuma utakaloliona ndilo pawasaplai. Chomoa kwanza waya wake mwembamba, toa waya wa antena kwenye njia yake, fungua skrubu, kisha linyanyue wima, maana chini lina pini zinazozama kwenye bodi na ukilivuta kwa upande zinapinda. Sanduku lenyewe usilifungue kamwe. Ndani kuna kapasita inayotunza zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa.

Chini ya pawasaplai utaona feni na mapezi. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Sugua mapezi taratibu kwa brashi, ukielekeza vumbi nje, kisha puliza. Usitumie mashine ya kufyonzea vumbi karibu na bodi, mpira wake hujenga umeme tuli. Puliza pia matundu ya pawasaplai kwa nje. Ukikuta mende, na Dar utawakuta, ondoa mizoga na mayai yote. Wanapenda joto la mashine, na mmoja akikatiza mahali pabaya kwenye pawasaplai anasababisha shoti. Usipulizie dawa ndani. Weka dawa ya mende ya jeli kwenye pembe za kabati, na uzoee kuzima mashine kabisa badala ya kuiacha usiku kucha ikiwa na vuguvugu.

Kama ni pesti, kazi inakuwa ngumu zaidi na napenda useme ukweli na nafsi yako kabla ya kuanza. Lazima utoe diski kuu, kitoa-CD (sehemu inayosoma diski za michezo), mabamba ya chuma na bodi nzima. Nyaya bapa za utepe hukatika kwa kuvutwa vibaya, hasa ule wa kitufe cha kuwashia. Kama hujawahi kufungua hata laptopu, mlipe fundi wa pili. Ukiamua kujaribu, piga picha kila hatua na panga skrubu kwa mpangilio wa zilivyotoka. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi, ukiitumia ngoja muda mrefu ikauke. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, isambaze kwa kadi ya plastiki mpaka silikoni yote hadi pembeni ifunikwe kwa tabaka jembamba. Silikoni ya PS4 iko wazi, haina kofia ya chuma, hivyo kona isiyopata pesti inaungua. Nyingi kupita kiasi nayo haisaidii, inazuia joto. Vipande laini vya mpira vilivyo juu ya chipu za RAM viache pale pale, na vikichanika weka vipya vya unene uleule, usijaze pesti badala yake.

Skrubu mbili za kibano cha umbo la X, kinacholibana bamba la shaba kwenye chipu, zifunge kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho hulaza bamba upande, akarudi na mashine yenye moto kuliko mwanzo. Na waya wa feni, tafadhali, usisahau kuuchomeka.

Fundi akikuambia atakuwekea metali ya maji badala ya pesti kwa kuwa PS5 inatumia, kataa. PS5 ilitengenezewa hiyo tangu kiwandani, ikiwa na kingo za kuizuia isitiririke. Kwenye PS4 itavuja hadi kwenye bodi na kupiga shoti, na ikigusa alumini inaila. Pesti ya kawaida isiyopitisha umeme inatosha.

Sasa pawasaplai na umeme wetu. Kama dalili yako ni ya kukata ghafla, anza na vitu vya bure: badilisha waya wa umeme, achana na ekstensheni, chomeka ukutani moja kwa moja. PS4 inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo wa jioni hauisumbui kama unavyosumbua friji. Kinachoiua ni ule mshtuko wa umeme unaporudi. Gadi ya TV au friji inayosubiri kidogo kabla ya kupitisha umeme ni kinga nzuri kwa bei yake. UPS ndogo ya VA 650 ni bora zaidi: inakupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa adabu. Umeme ukikatika wakati alama ya kuhifadhi inazunguka kwenye kona ya skrini, ndipo faili la mchezo huharibika. Ukiwasha tena na mashine ikawa nzito au inakwama, ianzishe kwa njia salama: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 7 hadi usikie mlio wa pili, unganisha padi kwa waya, chagua namba 5 inayojenga upya orodha ya data. Haifuti michezo yako. Namba 6 na 7 zinafuta, ziogope.

Kuiuza? Kwa hali yake ya sasa mnunuzi atakupa bei ya vipuri. Usafi na pesti ni sehemu ndogo ya ile laki na nusu, na vikifanikiwa unabaki na mashine ya kumalizia mchezo wako na hata kuiuza kwa bei ya haki. Nisikufiche, hata ikisafishwa vizuri toleo hili litabaki na sauti. Kama utulivu wa mama sebuleni ndio kipaumbele, PS4 Slim, iliyotoka Septemba 2016 kwa chipu ya nanomita 16, ina joto na kelele pungufu na inacheza michezo ileile kwa ubora uleule. PS4 Pro ina nguvu zaidi lakini kwa kelele haitakuokoa. Ukinunua Slim ya mtumba, ijaribu palepale kwa mchezo halisi nusu saa, usiridhike na kuona menyu ikiwaka.

Ipeleke kwa fundi bila kuifungua kama unasikia harufu ya kuungua, kama imewahi kumwagikiwa na maji, kama taa ya buluu inapigapiga bila picha, au kama gadi au swichi ya umeme nyumbani inajikata kila ukiichomeka. Omba ukae unaangalia anapofungua. Piga picha ya namba za kitoa-CD na bodi, kwa sababu saketi ya kitoa-CD imefungwa na bodi yake: akikubadilishia, mashine itakataa diski. Na fundi anayeanza kwa kushika bunduki ya joto kabla hajasafisha vumbi, muage kwa heshima uondoke na mashine yako.

Matengenezo yakishafanyika, usiamini ukimya wa dakika tano. Weka mezani, fungua ile ramani, iache dakika 30 ukiwa na kiganja nyuma mara kwa mara. Feni itapanda, hilo ni sawa, lakini ifike mahali itulie kwenye kasi moja. Ikiendelea kupanda hadi taa nyekundu ingawa mapezi ni safi na pesti ni mpya, kibano hakikukaa sawa au feni imechoka, na feni hununuliwa peke yake. Ikizima giza bila taa nyekundu, badilisha pawasaplai, ukisoma namba ya modeli kwenye sanduku la zamani ili ipatikane yenye pini zilezile. Baada ya hapo safisha mapezi mara moja kwa mwaka, au kila miezi sita kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi.